Sanduku la Noeli la Mwembesongo

Tulimzika Mama mkubwa Perpetua mwezi wa tisa, na ilipofika Desemba nikapanda basi kutoka Iringa, nikashuka stendi ya Msamvu, nikaenda Mwembesongo kuipamba nyumba yake. Hakuna aliyenituma. Vijana wa ukoo wanaoishi pale sasa walikuwa wameshanunua taa za umeme zinazowaka na kuzima, pamoja na mti wa plastiki, na walinipokea kwa adabu ya watu wanaojua kwamba bibi huyu amekuja na lake. Nikawaomba wanipishe chumba cha nyuma, nikalivuta sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Nilipofungua kifuniko, harufu ya magazeti ya zamani na nta ya mishumaa ikanijaa puani, na kabla sijagusa kitu nikajikuta nimekaa sakafuni, mimi mwenye karibu miaka sitini na magoti yasiyonisikia tena, naukumbuka mwaka niliokaa na mwanamke yule. Nimeishi na watu wengi baada yake. Nimefundisha shule, nimeolewa, nimelea watoto. Lakini mtu akiniuliza ni nani aliyenifundisha kutazama, jibu langu ni moja.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na jina langu halikuwa kwenye orodha ya waliochaguliwa kuendelea, na pale kijijini kwetu Mlali kila aliyepita mbele ya nyumba yetu aliniuliza habari za matokeo kana kwamba hajazisikia. Mjomba Damas, kaka wa mama yangu na mtu ambaye neno lake ndilo lilikuwa la mwisho nyumbani kwetu, akaamua niende mjini kwa dada yao mkubwa. Mama mkubwa alikuwa mjane asiye na mtoto, na alikaa peke yake. "Utamsaidia kazi," Mjomba akaniambia tukiwa bustanini kwake, miguu yake imejaa matope ya mfereji wa kabichi. "Na utanitazamia hali yake. Juzi alinipita sokoni kama asiyenijua. Dada yangu hana kiburi, Adela. Kuna kitu." Nikaitikia. Sikujua kwamba kuanzia dakika ile nilikuwa mpelelezi.

Nyumba ile ilikuwa ya tofali za kuchoma, yenye korido ndefu iliyotoka barazani moja kwa moja hadi uani, na vyumba vitatu kila upande. Kilichonishangaza kwanza ni utaratibu. Kigoda kilikaa kushoto kwa mlango wa jiko, ndoo kulia, kata ndani ya ndoo mpini ukielekea ukutani. Mama mkubwa alikuwa mrefu, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, na alitembea ndani ya nyumba ile kwa mwendo wa mtu asiye na shaka na chochote. Asubuhi alikaanga vitumbua, na watu walikuja barazani kununua. Hakuwa akivitazama. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza mafuta, akageuza kimoja, kisha kingine, na sikuona hata kimoja kilichoungua. Miaka ile sukari ilikuwa ya foleni, kwa hiyo mara nyingi chai tuliinywa bila sukari, yenye mchaichai, na magimbi ya kuchemsha yaliyoletwa na akina mama wanaoteremka kutoka milimani na mboga. Alipomimina chai, aliweka ncha ya kidole ndani ya ukingo wa kikombe. Mimi niliyetoka shule niliona ni ushamba, na nilikuwa naangalia pembeni. Leo nikikumbuka aibu ile naona aibu nyingine.

Masika yale mvua ilitoboa bati la chumba cha nyuma, na maji yakawa yanadondokea juu ya sanduku. Tulilibeba hadi sebuleni, tukatandika mkeka, tukaanza kutoa vitu vikauke. Hapo ndipo nilipokiona kwa mara ya kwanza kilichokuwa ndani. Mama mkubwa alikuwa amefanya kazi ya kufua na kushona kwa masista wa misheni moja huko juu Uluguru, na masista wa Kizungu walipoondoka kurudi kwao walitaka kuvitupa vitu vyao vya Noeli kwa sababu vilikuwa vimezeeka. Yeye akaviomba. Alivibeba kichwani akateremka navyo mlima kwa miguu, siku nzima, na hakikuvunjika kitu. Kulikuwa na mipira ya kioo chembamba kama ganda la yai, iliyokuwa ya kuning'inizwa mtini. Kulikuwa na sanamu za pango la Noeli: Bikira Maria aliyebanduka rangi puani, Yosefu, mfalme mmoja asiye na mkono, ngamia na kondoo. Mtoto Yesu wa plasta alikuwa amepotea kabla ya hapo, kwa hiyo mfinyanzi mmoja wa kule juu alimfinyangia mwingine wa udongo, akatoka mnene, mkubwa kuliko kondoo. Kulikuwa na vibanio vya bati vya kushikia mishumaa, kengele ndogo ya shaba, na kadi za zamani zilizotungwa kwenye uzi. Na juu ya hivyo vya masista kulikuwa na vyake alivyokusanya mwenyewe miaka yote: makopo ya biskuti yenye picha, sahani za bati zenye maua, nyota alizozikunja kwa karatasi za fedha za pakiti za sigara. Bi Mwajuma, jirani wa nyumba ya mbele, alikuja kutazama akiwa na mwanawe mgongoni. Alinionyesha kopo moja la kijani. "Hili lilikuwa la marehemu baba yangu, alikuwa akiwekea tumbaku," akasema. "Nilimpa shoga yangu kwa ajili ya Krismasi yake. Kila mwaka nakuja kulitazama kopo la baba."

Bi Mwajuma alipoondoka tukabaki wawili, tunafuta vitu kwa kitambaa. Mama mkubwa akachukua mpira mmoja wa kioo, akauinua kuelekea dirishani, akasema, "Huu mwekundu umefifia kidogo."

Mpira ule ulikuwa wa rangi ya fedha.

"Mama mkubwa," nikasema, "huo ni wa fedha."

Aliuzungusha polepole kati ya vidole vyake. "Basi mwekundu uko wapi?"

"Ninao mimi."

Akaushusha wa kwake kwenye kitambaa, taratibu, akakunja mikono mapajani. "Una miezi miwili humu ndani," akasema. "Nilidhani utagundua wiki ya kwanza. Mwajuma alijua siku ileile nilipomimina chai nje ya kikombe."

"Huoni?"

"Mwanga nauona. Mlango najua ni mlango. Lakini uso wako sijauona tangu ulipokuja. Nakujua kwa kandambili zako unavyozikokota."

Akaniambia kwamba daktari alishampima, ni presha ya macho, na kilichokwenda hakirudi. Aliyasema kama mtu anayeeleza habari za mvua. Nilipomuuliza kama Mjomba anajua, ndipo sauti yake ilipobadilika kidogo. "Damas akijua leo, kesho atakuja na gari anipakie na godoro langu. Na atafanya hivyo kwa kunipenda. Ndiyo maana namwogopa."

"Na akiniuliza?"

"Sikufundishi uongo, mwanangu. Akikuuliza utajua mwenyewe la kumjibu."

Kuanzia siku hiyo kazi yangu ikabadilika. Nilidhani nitaanza kumshika mkono, lakini mkono wake hakuutoa. Alichotaka ni macho yangu, na aliyatumia bila huruma. Jioni tulikaa barazani tukichambua mchele, au tuseme mimi nikichambua, naye akaniuliza mlima ukoje. Nikasema una mawingu. "Mawingu ya namna gani?" Meupe. "Meupe kama nini? Kama maziwa, au kama majivu?" Nikatazama tena, na kweli yalikuwa ya majivu, yamekaa shingoni mwa mlima na kuacha kilele wazi. Siku nyingine nilimwambia Bi Mwajuma amevaa kanga nyekundu. "Hakuna nyekundu tu, Adela. Ni ya nyanya? Ni ya pilipili iliyokauka? Ni ya udongo wa njia ya Mlali mvua ikinyesha?" Nikakasirika mara nyingi. Nilikuwa msichana aliyeambiwa na serikali nzima kwamba hakufaulu, na sasa hata rangi nilikuwa nazikosea. Lakini polepole nikaanza kumletea habari kabla hajaziuliza. Nilikuwa narudi sokoni mbio ili nisisahau kwamba pichesi za milimani zina manyoya kama shavu la mtoto, na kwamba muuza samaki alikuwa amevaa viatu viwili visivyofanana. Yeye alicheka kwa pua tu, akasema, "Enhe. Sasa umeanza kuona."

Mjomba alikuja mwezi wa saba. Mama mkubwa alimpokea mlangoni, akamtengea ugali na maharage ya nazi, akamnawisha mikono bila kumwaga tone nje ya beseni, kwa sababu alisikiliza maji yanapoangukia. Nilikuwa naogopa kiasi cha kushindwa kula. Alipoaga nilimsindikiza stendi. Tulipofika penye gari la Mlali akasimama, akanitazama.

"Dada anaona vizuri?"

"Anaona, Mjomba."

"Una hakika?"

"Anaona kila kitu."

Akaitikia kwa kichwa, akapanda. Katika ukoo wetu hakuna aliyemdanganya mjomba, na mimi nilirudi njia nzima nikijiambia kwamba sikusema uongo mzima. Nilipofika nyumbani sikumwambia Mama mkubwa, naye hakuniuliza. Alinipa tu sahani ya maharage yaliyobaki, nikala yote.

Ningeweza kuishia kwenye uhodari wake peke yake, ila si haki. Mwezi wa nane nilimaliza kufua, nikaiacha ndoo katikati ya njia ya jikoni, nikaenda kupiga soga kwa Bi Mwajuma. Nilisikia kishindo. Mama mkubwa alikuwa ameanguka na karai mkononi, mafuta ya moto yamemwagika kwenye mkono wa kushoto kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Kila kitu kikikaa pake, nyumba hii inanibeba. Kisipokaa pake, inaniua." Nilimuuguza wiki tatu, na wiki hizo zote nilikuwa nalala nikiwaza kwamba Mjomba alikuwa na haki, na mimi kwa mapenzi yangu ya kijinga nilikuwa naweza kumuua mama huyu. Mara mbili nilichukua kalamu kumwandikia. Mara ya pili Mama mkubwa akasikia karatasi. "Andika ukitaka," akasema. "Lakini andika pia nani aliyeiweka ndoo." Nikaikunja karatasi. Mpaka naondoka nyumba ile sikuwahi tena kuacha kitu njiani, na mpaka leo wanangu hunicheka kwa kuwa siwezi kulala kigoda kikiwa kimesogezwa.

Ilipoingia Majilio, zile wiki za kuingoja Noeli, Mjomba akatuma habari kwamba mwaka huo ukoo wote utakula Krismasi Mwembesongo. Mama mkubwa akasema, "Anakuja kunipima." Tukaanza maandalizi. Akina mama wa mboga walimletea tawi kubwa la msonobari, likiwa bado na baridi ya milimani, tukalisimamisha sebuleni ndani ya ndoo ya mchanga. Nilidhani mimi ndiye nitakayepamba na yeye atakaa kitini. Akasema hapana. "Wewe utaniambia rangi. Mahali nitapajua mimi." Na kweli alipajua. Nyumba yote ilikuwa kichwani mwake kama ilivyokuwa miaka ambayo aliiona. Alipita na kidole ukutani akaupata msumari wa kila sahani. Aliweka redio ya mbao iliyokufa zamani juu ya meza ya pembeni, akaitandika kitambaa alichokitarizi akiwa msichana, akalijenga pango juu yake: Maria hapa, Yosefu nyuma kidogo kwa sababu mwanamume mzuri haji mbele kuona kila kitu, mfalme asiye na mkono akimpa kisogo mgeni ili kasoro isionekane. Mtoto mnene wa udongo akawekwa katikati. "Huyu ndiye wa kwetu," akasema. "Anakula magimbi."

Mipira ya kioo ilituchukua asubuhi nzima. Nilimpa mmoja mmoja nikimtajia, na sikusema tena nyekundu tu. "Huu ni wa pilipili iliyokauka." "Uweke mbali na wa nyanya, watagombana." "Huu wa fedha una doa jeusi kama jicho la samaki." "Doa ligeuze kwa ndani. Nipe niutundike mwenyewe." Alinyoosha mkono, akatafuta tawi, akapima uzito wake kwa kidole kabla hajautundika, na nilimwona akitabasamu kama mtu anayesalimiana na rafiki. Nimeingia makanisa makubwa tangu wakati ule, na hoteli zilizopambwa na mafundi. Sijaona tena mkono uliojua kitu kama ule. Bi Mwajuma alipokuja kulitazama kopo la baba yake alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akasema, "Shoga, mwaka huu umezidi."

Siku yenyewe walikuja baada ya misa, watu kumi na mbili, na kuku, na mchele wa kunukia, na ndoo ya togwa. Pilau ililiwa sebuleni na koridoni. Watoto walikaa mbele ya pango wakimcheka mtoto mnene. Mama mkubwa alipita na sinia kati ya miguu ya watu wote wale bila kumkanyaga mtu, kwa sababu nilikuwa nimemhesabia kila mmoja alipokaa. Mjomba alizunguka ukuta mzima, mikono nyuma, anatazama. "Dada," akasema, "nyumba hii haijawahi kupendeza hivi." Nilihisi moyo unatulia. Nikadhani tumeshinda.

Ndipo akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa kitambaa. Akatoa kopo la zamani la majani ya chai lenye picha ya ndovu, akaja nalo mbele ya Mama mkubwa, akalishika juu, upande wa kushoto wa dada yake, mbali na mdomo wake mwenyewe, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nimekuletea kitu cha sanduku lako. Kinafaa?"

Mama mkubwa akanyoosha mkono mbele, mahali ambapo sauti ilikuwa imetokea. Mkono ukabaki hewani. Mimi nikafungua mdomo, nikasema, "Ni kopo la—"

"Acha, Adela," akasema. Akaurudisha mkono wake, akaufuta kwenye kanga. "Damas, sioni. Ni mwaka wa pili sasa."

Mjomba alishusha kopo. Alinigeukia mimi kwanza. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza, Mjomba. Nikakudanganya."

Nilisubiri kofi au laana. Hakufanya lolote. Alitazama tena ukuta, sahani, mti, pango. "Nani alipamba hapa?"

"Mimi," Mama mkubwa akasema. "Huyu alinitajia rangi. Misumari niliipata mwenyewe."

"Dada, unakaanga mafuta ya moto. Kuna mishumaa humu. Mkono wako nimeuona, lile si kovu la zamani." Sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na nilielewa kwamba mwaka mzima alikuwa akiogopa kuliko mimi. "Twende nyumbani Mlali. Watoto wapo, mke wangu yupo, utakaa tu."

"Nitakaa tu," akarudia Mama mkubwa, kana kwamba anaonja neno. "Sikiliza, Damas. Humu ndani najua kila mlango. Nikiamka najua maji yako wapi, chumvi iko wapi, Mwajuma ataniita saa ngapi. Hapa sioni tu. Kule nitakuwa kipofu."

Mke wa Mjomba, aliyekuwa na mtoto mapajani, alikuwa akilia bila sauti. Mjomba akatafuta kiti, akakaa, na kwa muda mrefu alikuwa akiligeuzageuza lile kopo mikononi. Mwishowe akanyanyuka, akalitua kopo kwenye meza ya pembeni, kando ya pango, akamleta dada yake akauweka mkono wake juu ya kopo, akasema, "Ni la majani ya chai. Lina ndovu." Mama mkubwa akalipapasa. "Ndovu wa rangi gani?" akauliza. Mjomba akalitazama kopo kama mtu aliyepewa mtihani. "Rangi ya ndovu," akasema, na watu wakacheka, na yeye pia akacheka, ingawa macho yake yalikuwa yamelowa.

Waliondoka jioni na Mjomba hakusema ameamua nini. Kesho yake asubuhi nilikuwa naosha masufuria niliposikia mlango wa uani unagongwa. Alikuwa Mjomba, peke yake, amerudi na gari la kwanza, begani amebeba kamba ndefu ya mkonge iliyokunjwa na nyundo mkononi. Hakuomba hata chai. Alipigilia nguzo mbili, akaifunga kamba kutoka mlango wa jiko hadi bombani, na kutoka bombani hadi chooni, akaivuta ikakaza, akaijaribu kwa uzito wake mwenyewe. Kisha akaja barazani, akasimama mbele ya dada yake kama mtoto aliyemaliza kazi aliyotumwa.

"Nimekufungia kamba," akasema. "Uishike ukienda uani. Na Adela atakaa na wewe mpaka atakapopata shule."

"Ahsante, kaka yangu," akasema Mama mkubwa.

Nilikaa naye hadi mwaka uliofuata nilipopata chuo cha ualimu, na baada yangu wakaja mabinti wengine wa ukoo, kwa zamu, miaka karibu arobaini. Kamba ile hakuihitaji hata siku moja. Alikuwa akienda bombani na kurudi na ndoo kichwani, mikono yote miwili ikiwa na kazi nyingine. Lakini kila Mjomba alipokuja kutoka Mlali, na alikuja kila mwezi mpaka alipofariki, Mama mkubwa alitoka uani akaishika kamba, akatembea nayo polepole, hatua kwa hatua, mpaka mwisho na kurudi, ili Mjomba amwone. Siku nyingine zote kamba ile tulianikia nguo.